Kipande cha Mbio

Katuba, Elisabethville

Jumanne, 9 Januari 1962

Masista wametuma habari: shule yetu ya walimu haitafunguliwa mpaka baada ya Pasaka. Risasi za vita vya Desemba zilitoboa paa la darasa na mvua inaingia juu ya madawati. Mama alisikia, akasema kuna maharage ya kuchambua. Nilijifungia chumbani nikalia kidogo, halafu nikaona haya. Katika mtaa huu wapo waliopoteza zaidi ya paa.

Jioni alikuja binamu yangu Antoine, yule wa tanuru za shaba, na gitaa lake la zamani limefungwa katika gunia.

"Munibekee hii, Mama. Kwangu mvua inaingia mpaka mu kitanda." Kisha akanigeukia: "Na weye Mutale, usiiguse."

Ndiyo maana nimeligusa.

Jumapili, 14 Januari

Tuna gramafoni ambayo si yetu. Ni ya baba yake Annie, niliyekaa naye dawati moja kwa miaka minne. Ni Wakasai, na hapa sasa Wakasai wanaitwa maadui. Septemba, walipokimbilia kambini pamoja na Wakasai wengine wa mji huu, baba yake aliibeba mpaka mlangoni petu pamoja na sahani zake nne za muziki. Baba aliipokea kwa mikono miwili. Alisema itakaa hapa mpaka wenyewe warudi, lakini kwa kuwa mashine isiyotumika inakufa, kila Jumapili baada ya misa ataipigisha sahani moja.

Leo ilikuwa zamu ya ile ya gitaa. Mwimbaji wake ana sauti nyembamba sana. Mama anasema ni mwanamke. Baba anasema ni mtoto wa kwaya ya mapadri. Kambo, mama yake mama, anayekaa nasi tangu alipoletwa kutoka Kasenga, anasema wote hawajui kitu: "Ule ni mbuzi. Ni ndugu yetu." Kwa upande wa mama sisi ni watu wa ukoo wa Mbuzi, na Kambo hapotezi nafasi ya kukumbusha.

Katikati ya wimbo mwimbaji ananyamaza na gitaa linabaki peke yake. Hapo kuna kipande kifupi cha mbio. Noti zinapita haraka hata sikio linachelewa nyuma, na bado hakuna inayoikanyaga nyingine. Kinapokwisha unabaki umeshika pumzi.

Nakitaka kile kipande. Nimejaribu kuandika sentensi nzuri zaidi ya hiyo nikashindwa.

Jumatatu, 15 Januari

Antoine hupiga kwa vidole viwili tu. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika, na kidole cha shahada kinaimba kwenye nyuzi nyembamba. Nimejaribu. Gumba likianza kutembea, shahada inasimama kuliangalia.

Ijumaa, 19 Januari

Mvua tangu asubuhi. Ncha za vidole zinauma kushika hata kijiko.

Jumatano, 24 Januari

Kwa kuwa sahani ile naisikia Jumapili tu, siku nyingine nafanya kazi kwa kumbukumbu. Nimekiandika kipande kwa do-re-mi, kama Sista alivyotufundisha kuandika nyimbo za misa. Kwenye karatasi hakitishi hata kidogo, kinafanana na zoezi la darasa la tatu. Kambo amekaa karibu nami akisokota uzi wa wavu ambao hakuna atakayeuvulia samaki hapa Katuba. Akasema, "Ni kama kuku iko nachimba."

"Kuku muzuri au kuku mubaya, Kambo?"

"Kuku yenye njaa."

Jumamosi, 27 Januari

Uzi mwembamba umekatika na kunichapa shavuni. Ni wa tatu sasa. Ili gitaa lilingane na sahani, lazima nikaze nyuzi mpaka shingo inalia. Antoine ameniletea waya mpya, alioufumua kutoka kamba ya breki ya baiskeli, na akanikuta na alama usoni.

"Unazikaza hivi kwa nini? Unataka kufungia mulango?"

Sikumwambia. Hajui ninakimbiza nini, na nikishindwa nataka nishindwe bila mashahidi. Lakini gitaa hajalichukua. Amesema paa lake bado.

Jumapili, 4 Februari

Baba aliniita baada ya chakula. Alikuwa bado amevaa shati lake jeupe la misa, na ndilo shati lake la posta pia.

"Sikiliza, ma fille. Mu mwezi wa ine, nyuma ya Pasaka, utaanza kusimama mbele ya darasa. Bazazi batakuletea batoto babo. Mwalimu mwanamuke mwenye kupiga gitaa, batasema anaimbaka mu bar. Minajua ni uongo. Uongo ule ule ndiyo unauaka kazi ya muntu."

Nilimwuliza kama ananikataza.

"Leo, hapana. Hauna shule, unapitisha wakati. Lakini shule ikifunguliwa, ile gitaa inarudi kwa Antoine. Ni vile."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa nayo. Ningemjibu kichwani usiku kucha na kushinda. Sasa ninamjibu, na kila mara yeye ndiye anayesema jambo la busara.

Basi nina mpaka Pasaka.

Jumanne, 13 Februari

Askari wameifunga tena barabara ya mjini. Baba amerudi akisukuma baiskeli badala ya kuipanda.

Jumapili, 18 Februari

Sahani ile tena. Mimi bado niko nyuma. Naweza kukipiga chote bila kosa, lakini ninapomaliza, yule wa sahani amekwisha kwenda nyumbani na kuoga.

Alhamisi, 22 Februari

Leo lilitokea jambo. Nilikuwa nikimwaza Annie, nikijiuliza kama kule kambini mvua inaingia hemani mwao, na nilipourudisha moyo wangu mikononi nikakuta vidole vimekwisha kukipiga kipande, chote, bila mimi. Nilisimama nikazunguka chumba. Nikarudi, nikajaribu kwa makusudi, nikaharibu. Nikamwaza Annie tena. Kikaja.

Najiona mwovu kidogo kumtumia hivyo. Lakini kilikuja.

Jumapili, 4 Machi

Lazima niandike leo hii kabla sijaanza kulitengeneza jambo lenyewe kichwani.

Antoine alipita baada ya misa wakati baba amekwisha kuweka ile sahani. Hakuwa amewahi kuisikia hapa kwetu. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, kichwa kimeinama upande mmoja, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la mkaa.

"Papa, ule muntu banamufanya nini? Banamufukuza na mbwa?"

Baba alimwambia kwa heshima kwamba hiyo ni kwaya ya watoto.

"Kwaya gani? Ule ni muzee. Ile sahani banaipigaka mu bar karibu na soko kila siku. Iko na sauti nene kama pipa."

Alikwenda kwenye gramafoni. Pembeni, chini ya ukingo, kuna kijiti kidogo cha chuma ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukigusa kwa kuwa si mali yetu. Kilikuwa kimesukumwa mpaka mwisho. Labda kiligongwa siku ile walipoihamisha kwa haraka. Antoine alikirudisha katikati, mashine ikapunguza mwendo, na yule mtoto wa kwaya akashuka, akashuka, akawa mwanamume wa makamo anayeimba kwa uvivu mzuri. Mama alifunika mdomo. Kambo alisema, "Mbuzi amekomaa."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikingoja kipande. Kilikuja, na kilikuwa kikitembea. Kilikuwa kizuri, nasema kweli, lakini kilikuwa kikitembea tu, kama mtu anayetoka kazini.

Nilikwenda chumbani. Niliona uso ukiwaka. Karibu miezi miwili nimekimbizana na kijiti cha chuma, na nyuzi nimezikata bure. Antoine alinifuata mpaka kwenye kizingiti. Hapo ndipo nilipomwambia kila kitu, kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake.

"Bon," akasema. "Piga basi."

Nilipiga kama nilivyokizoea, kwa mwendo wa gramafoni. Nilipomaliza alivuka kizingiti. Alichukua mkono wangu wa kulia, akautazama juu na chini kama mtu anayenunua samaki.

"Mina rafiki bengi benye kupiga gitaa," akasema. "Hakuna hata moja mwenye kupiga hivi. Hata ule muzee wa sahani."

Sasa hivi naandika na bado natabasamu peke yangu kama mjinga.

Jumatano, 7 Machi

Leo ni Majivu, mwanzo wa Kwaresima. Baba amefunika gramafoni kwa kitambaa cha zambarau mpaka Pasaka. Gitaa hakulifunika. Nimechomeka kitambaa cha kichwa chini ya nyuzi ili linong'one.

Jumamosi, 17 Machi

Kambo ameanguka tangu Alhamisi. Hawezi kusimama. Anataka samaki wa Kasenga, si wa soko la hapa, naye Antoine amekwenda kuwatafuta kwa madereva wa malori. Nilikaa naye mchana wote nikimpigia lile gitaa lililozibwa.

"Toa kile kitambaa," akasema.

"Ni Kwaresima, Kambo. Na unaumwa."

"Ni miguu inakufa. Haiko masikio."

Nikakitoa. Baba alikuwa sebuleni. Nilisikia kiti chake kikisogea, kisha hakikusogea tena.

Jumatatu, 19 Machi

Kambo amefariki asubuhi, mama amemshika mkono. Samaki walifika jana na alikula.

Ijumaa, 23 Machi

Tumemzika Jumatano. Msiba ulikaa kwetu mpaka leo asubuhi, na sasa ndani kumekuwa wazi kama kanisa baada ya misa. Niandike ya jana, maana jana ndiyo siku yenyewe.

Watani walifika mchana, watu wa ukoo wa Chui. Tangu zamani za wazee wa Luapula, Chui na Mbuzi wanataniana, na kufiwa ndiko kunakofungua mlango wenyewe. Msibani mtani hakasirikiwi. Anaweza kutukana, kula, kuvaa nguo zako. Anachokichukua hakirudishwi kwa nguvu. Kinakombolewa, na anayekikomboa ni yule ambaye mtani mwenyewe amemtaja.

Wao huongozwa na Mama Chanda, muuza unga wa karibu na nyumba ya Antoine, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita treni. Aliingia akilia machozi ya uongo. "Bantu ba Mbuzi, munatuonea. Ule mbuzi munene hivi munamuzika nzima? Sisi Chui tutakula nini?" Wanawake waliokuwa wamelala kwenye mikeka kwa huzuni wakainuka wakicheka na kufuta macho. Mwenzake alilala mlangoni akasema amekufa pia, aletewe nyama. Mama Chanda alivaa kofia ya baba. Alipekua jikoni. Kisha akapekua chumba changu, akatoka ameinua gitaa juu ya kichwa chake.

"Kumbe Mbuzi banaficha sanduku la nyuzi. Ni ya nani?"

Watu wote walinitazama, basi jibu likawa limekwisha kutolewa.

"Ni weye? Keti. Lilia nkambo yako na ile."

Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa nje, mbali, pamoja na wanaume, macho chini, kama inavyompasa mkwe anayemlilia mama mkwe wake. Mbele ya watu wa upande wa mama hawezi kuinua sauti, na mbele ya watani hawezi kukataa. Nilimwona akijua hayo yote. Alikunja mikono yake magotini.

Niliketi. Sikuwa nimewahi kupiga mbele ya watu. Nilipiga kitu pekee nilichokijua kwa damu, kile kipande, kwa mwendo wangu wote. Vidole havikuniangusha. Nilipomaliza, kwa kitambo kidogo nilifikiri nimewashangaza.

Mama Chanda alisogeza kofia ya baba nyuma.

"Unamukimbia nani, mwana? Chui iko hapa, imekaa."

Vicheko vilinipiga kama maji ya ndoo. "Ile haiko gitaa," mwingine akasema, "ni mashini ya kushona." Mama Chanda alingoja watulie, akanyoosha miguu yake mikubwa mbele yangu. "Unaona ile miguu? Inataka kucheza. Piga ya miguu."

Sikuwa na wimbo wa miguu. Antoine aliokota chupa tupu na kijiko, akaanza kugonga taratibu, akinitazama. Nikaingiza gumba. Kisha nikakirudisha kipande kile kile, lakini kwa mwendo wa chupa. Kati ya noti na noti palikuwa na nafasi ambayo sikuwahi kuiona, na Mama Chanda aliingiza mguu wake humo humo. Kisha mama akainuka. Mama yangu, aliyekuwa hajala tangu Jumatatu, alicheza akilia, na shangazi zake wakamfuata, wakazunguka mkeka aliokuwa amelala Kambo. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Mara moja tu, walipochoka na kukaa, nilikipiga tena kwa mbio, kwa ajili ya Kambo na yule kuku wake mwenye njaa, na hapo hawakucheka.

Walipoondoka, Mama Chanda alilibeba gitaa chini ya kwapa.

"Hii inaenda kwa Chui. Munaitaka? Mukwe aje yeye mwenyewe na kuku. Haiko mama, haiko binti, haiko ule mwenye chupa. Mukwe."

Baba hakuinua macho.

Jumapili, 25 Machi

Nimelifikiria jambo hili kila upande. Baba alitaka gitaa litoke nyumbani, na limetoka. Hahitaji kunikataza, wala kuvunja moyo wangu kwa maneno. Anachohitaji ni kutokwenda kwa Mama Chanda tu, na kutokwenda ni kazi nyepesi kuliko zote. Leo mezani alisema mvua imepungua.

Ijumaa, 30 Machi

Mama ameleta kuku mweupe kutoka sokoni na kumfunga mguu chini ya bomba la maji. Nilimwuliza.

"Ni wa Pasaka," akasema.

Jumatano, 4 Aprili

Kuku ananenepa. Baba anampita asubuhi na jioni akiwa na baiskeli. Hawaangaliani.

Jumapili, 8 Aprili

Tulikwenda na mama kwa Mama Chanda kumshukuru kwa msiba, kama ilivyo desturi. Gitaa limetundikwa ukutani juu ya kitanda chake pamoja na kofia ya baba. "Mutoto wenu iko muzuri," akasema. "Iko nakula, iko nalala. Lakini siyo nyiye niliita." Alinishika kidevu, akanipa karanga.

Jumanne, 10 Aprili

Mezani vidole vyangu vilikuwa vikitembea juu ya kitambaa bila mimi kujua. Nilipoinua macho, baba alikuwa ameshusha gazeti akivitazama. Niliviweka chini ya meza. Alirudi kwenye gazeti, lakini hakugeuza ukurasa.

Nimekuwa nikimwona kama ukuta. Leo nilijiuliza yeye anaogopa nini. Ameona baba yake Annie, jirani mwenye kazi nzuri na watoto wasomi akiondoka kwa mkokoteni kwa sababu ya maneno yaliyosemwa juu yake. Annie hakufanya kosa lolote. Basi baba anajua jina la mtu linavyoweza kuuawa, na mimi nilikuwa nikimjibu juu ya muziki.

Jumamosi, 14 Aprili

Tumeitwa shuleni kusafisha. Shule itafunguliwa Jumatano baada ya Pasaka. Paa ni jipya na linang'aa. Dawati letu lipo. Nimefuta upande wangu, kisha upande wa Annie, na sikumruhusu mtu kuweka vitabu vyake hapo.

Ijumaa, 20 Aprili

Ijumaa Kuu. Joto, bila mvua.

Jumapili, 22 Aprili

Pasaka. Tumekula samaki. Kuku bado yuko chini ya bomba.

Baba alifunua gramafoni, akaweka sahani ya gitaa. Yule mzee akaimba kwa sauti yake nene. Kabla ya kufika kwenye kipande baba aliinua sindano. "Haiko hii," akasema. Alikisukuma kijiti mpaka mwisho, akaanza upya, na tukamsikiliza mtoto wa kwaya. Kipande kilipokuja baba alikuwa ameinama, kiwiko gotini. Kisha akakirudisha kijiti katikati, kwa uangalifu, kama kitu cha watu, akafunika.

Jumatatu, 23 Aprili

Nilikuwa nikipiga pasi sketi ya shule niliposikia kuku akipiga kelele. Nilitazama dirishani. Baba, katika shati lake jeupe, alikuwa akimfungua mguu. Kuku alimchafua mkono. Alimweka kwapani, akapanda baiskeli, akaenda akiendesha kwa mkono mmoja. Mama alikuwa amesimama jikoni na mwiko, mgongo kwangu. Hakugeuka.

Antoine ndiye aliyefika kwanza, anatoka jasho, hawezi kusubiri. Alikuwa penye duka la unga na ameona yote.

"Alisimama pa mulango, akamupa kuku. Mama Chanda akasema, 'Hii kuku ni ya nini?' Baba yako akasema ni ya gitaa. Ule mama akasema, 'Gitaa gani? Mina masikio mabaya, sema na nguvu.' Bantu bakakusanyika, Mutale. Bale ba posta, hata mukubwa wa paroisse, wa kanisa yetu, alikuwa anapita na baiskeli. Baba yako akasema, 'Minakuja kuchukua gitaa ya binti yangu.' 'Ya nani?' 'Ya binti yangu. Mwalimu.' Alimurudilisha mara mingi. Mwisho alikuwa anatangaza na sauti kama pa kanisa."

Niliiweka pasi chini nikatoka mlangoni.

Baba aliingia akisukuma baiskeli. Gitaa limefungwa nyuma kwa mpira, na kofia yake kichwani. Mkono wa shati ulikuwa bado na alama ya kuku. Alinipa gitaa bila kunitazama sana, kama anavyowapa watu barua zao.

"Antoine," akasema, "paa yako iliisha kutengenezwa?"

"Zamani, Papa."

"Bon. Tutafute ingine ya kukupa. Hii imeshapata jina lake mbele ya bantu."

Kisha akaniambia, "Usipige leo. Nimesema juu ya ile gitaa vya kutosha kwa siku moja."

Akaenda chumbani kwake kubadili shati. Mimi niliketi kwenye ngazi. Sikupiga. Nilikaza nyuzi tu, taratibu, nikiziinamia kuzisikiliza mojamoja, maana kwa Mama Chanda zilikuwa zimelegea zote. Nilipofika uzi wa mwisho nikaweka mikono juu ya mbao.

"Ya tatu," baba akasema kutoka ndani, "iko chini kidogo."